Mizizi Iliyofungia Njugu

Pale Ekerenyo, mkabala na stendi ya bodaboda, kuna baraza lenye cherehani moja ya miguu, na nyuma ya cherehani hiyo utamkuta mama anayeitwa Bonareri, utepe wa kupimia shingoni, pini tatu mdomoni, akikusalimu na kukuuliza habari za nyumbani bila kuzitoa pini hizo na bila kuzimeza. Kama umesoma shule yoyote ya karibu na hapo, basi marinda ya sketi yako au mifuko ya kaptura yako ilipita mikononi mwake. Watu wanamjua kwa hilo. Wanamjua pia kwa kuimba sauti ya pili katika kwaya ya Waadventista, na kwa kuwa mjane wa Ombui, yule mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi miaka saba iliyopita.

Ambacho watu hawakukijua, kwa miaka thelathini na tisa, ni kwamba mama huyu alikuwa na lugha yake mwenyewe.

Si maneno mawili matatu ya mafumbo, kama ya watoto wanaotaka kumsengenya mwalimu mbele yake. Lugha nzima! Lugha yenye mizizi, na kila mzizi na watoto wake, imeandikwa kwa mwandiko mdogo uliolala upande, ikajaza madaftari sita ya shule yaliyofungwa pamoja kwa kitambaa na kuwekwa kwenye kisanduku chini ya kitanda.

Ilianza na njugu. Bonareri alikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, huko kwao Nyamache. Siku ya soko mama yake alimnunulia njugu, nazo zilikuwa zimefungwa kama kawaida, karatasi imezungushwa ikawa kama pembe ya ng'ombe. Alipozimaliza akaifungua karatasi ailambe chumvi, na ulimi ukabaki nje. Ulikuwa ukurasa uliochanwa kutoka kitabu cha Kiingereza. Upande wa kushoto palikuwa na neno fupi la herufi kubwa, na chini yake maneno marefu yaliyofanana nalo kama watoto wanavyofanana na mama yao, mwingine pua, mwingine macho. Chini tena, neno fupi lingine, na watoto wake.

Kesho yake alimpelekea mwalimu. Mwalimu akaugeuza ukurasa huku na huku.

"Hii si lugha ya watu, Bonareri," akasema. "Kuna mtu ametunga hadithi ya watu wa msituni. Warefu, wazuri, masikio yamechongoka, hawazeeki. Halafu akaona haiwezekani watu kama hao wazungumze Kiingereza. Akawatungia lugha yao. Haya mafupi ni mizizi. Kila mzizi unazaa maneno."

"Anaruhusiwa?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Sasa nani atamkataza?"

Kitabu chenyewe Bonareri hakukiona maisha yake yote, wala hakujua kinaitwaje. Ukurasa ule aliuweka ndani ya Biblia yake, na uko humo hadi leo, doa la mafuta katikati. Lakini lile swali la mwalimu halikumtoka kichwani. Nani atamkataza? Asubuhi alikuwa akienda shule kupitia mashamba ya majani chai, ukungu umelala juu yake mpaka saa nne, na siku zote alihisi kuna watu humo ndani. Ukisogea wanasogea. Ukisimama, wanasimama wakusikilize. Akaona hao nao hawawezi kuzungumza Kiingereza.

Sasa sikia alivyofanya. Ekegusii, lugha ya kwao, hakina L, wala F, wala V. Ndiyo maana wageni huwacheka watoto wa Kisii kwa kusema "rara" badala ya "lala", na Bonareri alichekwa mpaka akaogopa kusoma kwa sauti darasani. Basi herufi zile zile zilizomtesa akazichukua akawapa watu wa ukungu. Aliona ni herufi zisizo na uzito, zinatoka mdomoni bila kugonga popote.

Mzizi wake wa kwanza ulikuwa VEL, kitu kinachoning'inia bila kushikwa. Akautia *a* mwishoni, ukawa *vela*, ukungu. Akautia *a* mbele, alama ya kitu kilicho ndani ya mtu, ukawa *avel*, ile pumzi unayoiona ikitoka mdomoni asubuhi ya baridi. Akairudia L na kuongeza *u*, alama ya jambo linaloendelea tu, ikawa *vellu*, shaka, maana shaka nayo inaning'inia wala hakuna aliyeishika. Mwisho akautia *in*, alama ya watu.

*Velin*.

Alipoliandika aliinua macho akatazama nje, na nywele zikamsimama. Hakuwa amewapa watu wake jina. Jina lilikuwa limekaa ndani ya mzizi muda wote likimngoja. Ni kama mgomba: unapanda mmoja, mwaka unaofuata ukirudi unakuta umeleta watoto watano ambao hukuwapanda wewe.

Basi akaendelea. Alimaliza shule akaendelea, akajifunza kushona akaendelea, akaolewa Ekerenyo, na madaftari akaja nayo ndani ya sanduku la nguo, katikati ya mashuka. Mwezi wa tatu wa ndoa, Ombui akayakuta.

Bonareri alisimama mlangoni na ungo mkononi, roho juu. Ombui hakuwa msomaji. Alifuata mistari kwa kidole chake kikubwa chenye saruji, polepole, ukurasa mzima, kisha akaufunga.

"Kumbe humu ndani tunaishi na watu wengi," akasema. "Na hakuna aliyeniambia nijenge vyumba zaidi."

Tangu hapo, kila jioni akinawa mikono, swali lake lilikuwa moja: "Leo hao watu wako wanasemaje?" Naye Bonareri humwambia neno la siku hiyo, na Ombui hulirudia vibaya makusudi ili achapwe kwa kitambaa.

Siku moja alirudi kutoka Kilgoris, alikokuwa akijenga madarasa kwa wiki tatu. Akauliza, "Mtu akitoka mbali, akafika pale kwenye kona, akaona moshi wa jiko lake unatoka, watu wako wanaitaje hiyo?"

Bonareri akafikiri. "Hawana neno."

"Hawana? Watu gani hao hawarudi nyumbani? Wape!"

Akawapa. LUF. Akamwambia Ombui auandike yeye mwenyewe. Ombui akachomoa nyuma ya sikio ile penseli bapa ya mafundi, akaandika L, U, F, kubwa kama anaandika ukutani, na mbele yake: *kurudi ulikotoka*. Chini yake Bonareri akaongeza watoto kwa kalamu yake: *lufa*, njia ya nyumbani, *aluf*, kumbukumbu, *luffu*, mwaka, kwa kuwa mwaka kazi yake ni kurudi tu, na *lufin*, watu wanaorudi, yaani watoto wanaopewa majina ya waliotangulia. Kwetu kila ukoo una hao. Mjukuu wa Bonareri mwenyewe, aliyezaliwa baada ya Ombui kuondoka, anaitwa Ombui. Ana miaka mitatu na anatembea kama babu yake, mikono nyuma.

Ukurasa ule ndio mwandiko pekee wa Ombui uliobaki duniani. Barua hakuandika, simu alikuwa akipiga. Ijumaa jioni, kabla jua halijazama na Sabato haijaingia, Bonareri alikuwa na desturi ya kuoga, kuketi kitandani, na kuutazama ukurasa mmoja tu. Ule wa penseli.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba akatia mkono kwenye kisanduku, akagusa vipande vya nguo vilivyokunjwa vizuri. Akavitoa. Chini yake hapakuwa na kitu.

"Valentine!"

Valentine ni mke wa mwanawe, mama wa Ombui mdogo. Mumewe anafanya kazi Nakuru, naye anaishi na mama mkwe wake. Ijumaa ni siku ya maandalio, na mtu asiyejua Valentine anavyofanya usafi wa Ijumaa hajaona usafi. Hata kuku hutoka nje wenyewe.

"Naam, mama."

"Yale madaftari?"

"Yapi?"

"Ya kisandukuni. Yamefungwa kwa kitambaa."

"Aa, yale ya zamani? Nimempa Loice. Alipita akiomba karatasi za njugu, nikajua ni madaftari ya shule ya mwanao, Baba Ombui." Valentine akaonyesha nje kwa kidole, amefurahi. "Hata kitambaa chenyewe nimekifua. Kile pale kwenye kamba."

Si kosa geni. Kila nyumba ya huko, mtoto akimaliza darasa, madaftari yake humwendea mama wa njugu, naye huyachana moja moja akayazungusha pembe. Nani angehifadhi daftari la miaka thelathini? Bonareri alitazama kitambaa kikipepea kwenye kamba, kisafi, hakina cha kufunga. Hakupiga kelele. Lakini Valentine aliuona uso wake, na ule moyo wa kufurahia usafi ukamtoka.

"Mama. Nimeharibu kitu?"

"Jua limezama?"

"Linazama sasa hivi."

"Basi mlete mtoto, tuimbe."

Wakaimba wimbo wa kufungua Sabato, Bonareri kwa sauti ya pili kama kawaida, ila ubeti wa mwisho Valentine aliumaliza peke yake.

Loice naye ni Msabato. Maana yake ni kwamba siku nzima hatauza, na karatasi zitalala. Maana yake pia ni kwamba Bonareri hawezi kumfuata nyumbani kwake kuulizia mali siku ya Sabato. Akaketi kanisani, mikono juu ya mapaja, na mahubiri yakapita kama upepo juu ya bati. Alikuwa akijaribu jambo moja: anakumbuka kiasi gani bila daftari?

Mwanzo palikuwa peupe. Kisha likamjia *zola*, manyunyu, kwa sababu nje manyunyu yalikuwa yameanza. Akalivua *a* ya mwisho. Likabaki ZOL, kinachoshuka polepole. Na ZOL ulipotokea, haukuja peke yake. Ulikuja na watoto wake wamemshika sketi, mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao akamwita jirani, na jirani akaja na wa kwake. Bonareri alishika benchi. Alikuwa amedhani lugha iko ndani ya madaftari. Kumbe madaftari yalikuwa kama nyayo tu, na aliyezikanyaga bado anatembea! Kufikia sala ya kufunga alikuwa amerudisha mizizi arobaini na mbili, na kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka kama mtu aliyepanda mlima.

Lakini LUF ulipofika, aliuona bila penseli. Neno lilirudi, mwandiko haukurudi. Neno lingeweza kuandikwa tena na yeyote. Ule mkono wa kuandika K ya *kurudi* kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, huo haukuwepo tena.

Nje ya kanisa, watu wakisalimiana, mzee wa kanisa Anyona alikuwa amefungua Biblia yake mahali palipotiwa karatasi. "Hebu tazameni," akawaambia waliokuwa karibu. "Mjukuu wangu aliletewa njugu jana. Zilifungwa na hii. Someni mniambie."

Vichwa vikainama. Bonareri aliutambua mwandiko wake akiwa hatua tano mbali.

"Si Kiingereza," mmoja akasema.

"Labda Kiluo?"

"Kiluo gani? Mimi nimeishi Sondu miaka tisa. Hicho si Kiluo."

"Ni kama mtu alikuwa akiandika akiwa analala," mwingine akasema, wakacheka. Kisha mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Hayo ni ya wale," na kicheko kikakatika. Hakuna aliyeuliza wale gani.

Kila mjane wa huko anajua kinachoweza kumpata mama anayeishi kimya kimya, akishaitwa mchawi hata kwa utani. Alitaka kunyoosha mkono aseme, lete, ni yangu. Badala yake alijifunga leso upya, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri.

"Kesho nitaenda kwa Loice," Anyona akasema, akiirudisha karatasi kwenye Zaburi. "Atatuambia ameyatoa wapi."

Jumapili asubuhi Bonareri aliamka amfikie Loice kabla ya Anyona. Alipofungua mlango, Valentine alikuwa tayari amesimama nje, mtoto mgongoni.

"Wewe unaenda wapi?"

"Niliyatoa mimi, mama. Nitayarudisha mimi."

Usiku wa kuamkia siku hiyo Valentine alikuwa ameambiwa yote, ya Velin na ya penseli, na alikuwa amelia, kisha akauliza neno la sabuni kama lipo. Halikuwepo. Bonareri alicheka, na ndipo akajua kwamba hana hasira naye.

Soko lilikuwa limeanza kujaa. Loice alikuwa na beseni la njugu mbele yake na rundo la karatasi pembeni, limekandamizwa kwa jiwe. Ni mwanamke mnene, mcheshi, mikono yake inazungusha pembe bila macho kutazama.

"Omong'ina!" akamwita Bonareri, kwa heshima ya mama mtu mzima. "Leo umekuja kununua au kunipima gauni?"

Bonareri akamweleza. Mikono ya Loice ikasimama. Madaftari matatu yalikuwa hayajaguswa, akayatoa chini ya mfuko na kumpa kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe. Mengine matatu yalikuwa yamechanwa. Zilibaki karatasi kama ishirini.

"Kuna moja ina penseli?" Bonareri akauliza. "Herufi kubwa, tatu."

Wakazipekua. Haikuwemo.

"Uuwi, Omong'ina. Ijumaa wanafunzi walinunua kama nzige. Njugu zimeenda mpaka Ikonge."

Hapo ndipo Anyona alipofika, na nyuma yake watu waliosikia habari tangu jana na ambao hawakuwa na haraka ya kununua chochote. Akafungua Biblia, akatoa karatasi. "Loice, hii umeitoa kwa nani?"

Loice alimtazama Bonareri. Kisha akatazama njugu zake.

"Kwangu," Valentine akasema. Sauti yake ilikuwa juu. "Ni mimi niliyempa."

Macho yote yakamgeukia. Binti wa watu, ameolewa juzi, mtoto mgongoni. Bonareri aliona vile vichwa vinavyosogeleana, aliona neno likijikusanya midomoni mwao, na miguu yake ikaenda mbele kabla hajaiambia.

"Aliyetoa ni yeye. Aliyeandika ni mimi."

Hata kijana wa bodaboda aliyekuwa akiungurumisha pikipiki pale karibu akaizima.

"Wewe, Bonareri?" Anyona akasema. "Haya ni maneno gani?"

"Ni lugha."

"Ya nani?"

"Ya watu ambao hawapo."

Yule wa bodaboda akadakia: "Sasa kama hawapo, wanaongea na nani?"

"Na mimi. Wewe ungekuwa na mazungumzo mazuri wangeongea na wewe."

Soko likacheka, na kicheko hicho kikampa pumzi. Akaichukua karatasi mkononi mwa Anyona. Ilikuwa ya ZOL. "Huu ni mzizi," akasema. "Maana yake ni kushuka polepole. Ukiutia *a* mwisho ni *zola*, manyunyu, kama ya jana. Ukiirudia L ukamalizia na *u*, jambo linaendelea haliishi. *Zollu*. Ni nini hicho?"

"Mvua ya siku nzima," Loice akajibu, kisha akajishika mdomo. Hakuna aliyemfundisha.

"Sasa *a* ikikaa mbele, kitu kiko ndani ya mtu. *Azol*. Kinashuka polepole, na kinatoka ndani ya mtu."

"Jasho!" akasema kijana wa bodaboda.

"Labda, kama unafanya kazi," Loice akamwambia. Watu wakacheka tena. Kisha yule mama wa jana, aliyesema *ya wale*, akasema polepole, "Machozi."

"Machozi," Bonareri akasema.

Hakuna aliyecheka. Walisimama pale katikati ya vitunguu na ndizi, wakalisikia neno la watu wasiokuwepo, na kila mtu alikuwa amelielewa. Lilikuwa jambo la kustaajabisha kwelikweli, kwa sababu hakuna kitu kilichokuwa kimebadilika, ndizi ni zile zile, lakini kila mmoja alikuwa anatazama sokoni kana kwamba vitu vyote vina mizizi chini yake.

"Na *in* ni watu," Bonareri akaongeza. "*Zolin*."

"Wanaoshuka polepole," akasema Anyona, akifikiri. "Ni sisi wa huku juu, tukija sokoni na magoti haya!"

Hapo mambo yakaisha. Anyona akafunga Biblia akalalamika kwamba sasa Zaburi yake haina alama, na kwamba miaka yote wanaimba pamoja naye, kumbe amewaficha. Watu wakaanza kupekua mifuko wakitafuta karatasi. Moja ilitoka kwenye kofia ya bodaboda, ilikuwa inazuia kofia isilegee. Moja ilikuja bado na njugu tano ndani. Nyingine zilikuwa na mafuta, moja ilikuwa imetafunwa na mbuzi pembeni. Hadi saa nane Bonareri alikuwa na rundo la kutosha. Ile ya penseli haikuwemo.

Alimrudisha Valentine nyumbani na mtoto, akaenda kwenye baraza lake, ingawa Jumapili huwa hafungui. Alitia pini mdomoni akaanza kupinda upindo wa sketi, kwa sababu mikono ilihitaji kushika kitu. Alijiambia inatosha. Lugha imerudi, watu wameisikia, Valentine hana jina baya. Mtu asitake kila kitu. Alijiambia hivyo mara tatu, na mara ya tatu sindano ilimchoma.

"Shikamoo, mama."

Alikuwa msichana wa kidato cha tatu, Ashley, ambaye sketi yake ya shule Bonareri aliishona mwezi wa kwanza. Alikuwa amelikumbatia kifuani daftari la hisabati.

"Marahaba," Bonareri akasema kupitia pini.

"Nimesikia watu wakisema sokoni. Kwamba ni wewe." Ashley alifungua daftari. "Nilinunua njugu Ijumaa tukitoka shule. Nilitaka kuitupa, halafu nikaiona. Sikulala, mama. Kweli. Nilikaa nayo juzi na jana nikijaribu kujua inafanyaje kazi."

Akaiweka juu ya cherehani.

L, U, F. Kubwa kama ukutani. K ya *kurudi* kama ngazi iliyoegemezwa.

Bonareri aliweka kiganja juu yake, akakaa hivyo. Bodaboda ziliita abiria. Mtu alipita na kuku. Ashley akahamisha uzito kutoka mguu huu hadi huu.

"Nisamehe," akasema. "Niliandika juu yake. Nilidhani haina mwenyewe."

Bonareri akaondoa mkono. Kweli, chini ya penseli ya Ombui na chini ya kalamu yake ya miaka yote hiyo, palikuwa na wino wa kijani, mwandiko wa duara wa watoto wa siku hizi. Hasira ilianza kupanda. Wino wa kijani, juu ya huu ukurasa! Lakini macho yalikuwa yameshafika.

*Alufin*.

Hapakuwa na maana pembeni. Neno tu. Bonareri hakuwahi kuliandika. Katika madaftari sita hakuwahi kuitia *a* ya ndani mbele na *in* ya watu nyuma katika neno moja; haikumjia tu, kama mtu anayeweza kukaa na milango miwili maisha yake yote asiifungue kwa pamoja. Akalisoma tena. Na neno ambalo halikutoka kwake, ambalo hakuna aliyemweleza, likafunguka lenyewe. Ni watu. Wanarudi. Lakini si kama *lufin*, hawarudi kwa jina la mtoto wala kwa barabara. Njia yao ni ndani yako, na ndani yako tu.

Miaka saba alikuwa amekitafuta hicho. Alikuwa amekihisi kila Ijumaa jioni, kinapita pale kwenye kona, viatu vina saruji, kinanusa moshi wa jiko, na hakuwa na jina la kukiita. Na jina lilikuwa limekaa humu, kwenye mzizi aliouandika Ombui mwenyewe kwa mkono wake, likingoja kuzungushiwa njugu na kupelekwa kwa mtoto wa watu ambaye hakujua ukurasa ni wa nani.

"Nimekosea?" Ashley akauliza.

Bonareri alizitoa pini mdomoni. Moja, mbili, tatu. Akazichomeka kwenye mto wake mdogo, akasogea kwenye benchi ili pawe na nafasi.

"Keti hapa," akasema. "Lisome kwa sauti. Tangu nizaliwe sijawahi kulisikia neno la lugha hii likitungwa na mtu mwingine."

Ashley akaketi, akalisoma. Lilipotoka lilikuwa halina uzito kabisa.

"Tena," Bonareri akasema.